Zawadi Huchaguliwa na Watu Wawili



Katika mikutano yetu tunazungumza mara nyingi juu ya kutoa. Ni nadra tuzungumze juu ya namna ya kuchagua kile tunachotoa. Leo napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena la anasa: kumchagulia ndugu vipuri vya kompyuta ya kuchezea michezo, ile isiyonunuliwa nzima dukani bali inayoundwa nyumbani kipande kwa kipande. Nimelichagua kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, na kwa sababu wengi wenu hunijia baada ya mkutano na swali lile lile: "Yaya, kadi gani ni nzuri? Prosesa gani inafaa?"

Maoni yangu ni kwamba swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kuuliza kipuri gani ni kizuri, sherti tumwulize yule atakayekitumia anataka kufanya nini, na tuitazame nyumba atakamokitumia ina umeme wa namna gani. Asiyeuliza hayo hununua kwa ajili ya sifa yake mwenyewe, hata kama fedha amezitoa kwa mapendo ya kweli. Nasema hivyo nikijua ninayemsema, kwa maana ni mimi.

Yaliyotupata

Mdogo wangu wa mwisho alipofaulu mtihani wa Serikali, jamaa ilikuwa na ahadi ya kutimiza: kompyuta. Zamu yangu katika likelemba iliangukia majuma yale yale, nikapokea dolari 700. Baba alisita, akisema kwamba mchezo haumlishi mtu. Mama akamjibu kwamba ahadi ni deni. Mimi nilijiona ndiye mjuzi wa nyumba, basi nikaichukua kazi yote mikononi mwangu. Nilisoma usiku, nikalinganisha bei, nikaagiza vipuri vingine kwa msafiri aliyepitia Kasumbalesa, na vingine nikavitafuta hapa hapa Lubumbashi. Mdogo wangu sikumwuliza neno hata moja. Nilitaka ashangae.

Fahari yangu ilikuwa kadi ya grafiki, yaani kipuri kinachochora picha zote zinazotokea kwenye skrini. Nilipata RTX 3060 iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12. Peke yake ilikula zaidi ya theluthi moja ya fedha. Nikanunua prosesa ya Ryzen 5 5600, ubao mama, RAM, diski ya SSD na kasha la kuvitia vyote. Fedha zilipokuwa zikielekea kwisha, kilibaki kitu kimoja kisichomvutia mtu: kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mdogo kwa ajili ya vipuri vingine. Nikasema moyoni, "Chuma ni chuma." Nikanunua cha zamani kilichotoka ng'ambo, ambacho hata jina la aliyekitengeneza halikusomeka.

Jumapili mchana jamaa yote ilikusanyika sebuleni. Nilichomeka waya ukutani, nikabonyeza. Tukasikia mlio kama wa fataki, ukafuata moshi na harufu ya plastiki iliyoungua, kisha nyumba nzima ikawa giza. Nyuma ya kisanduku kile palikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Ilikuwa imesimama kwenye 115, kwa kuwa kisanduku kilitoka katika nchi ambako umeme wa majumbani ni volti 120 hivi. Kwetu Congo umeme ni volti 220. Mara nyingi ajali ya namna hiyo huua kisanduku chenyewe tu. Chetu kilikufa pamoja na ubao mama.

Hasara iliniumiza, lakini si hiyo iliyonikosesha usingizi. Jioni, tulipobaki wawili, mdogo wangu alisema polepole: "Yaya, ile swichi niliiona ulipokuwa unafunga vipuri. Nilitaka kuuliza. Lakini ulikuwa umekwisha kusema kwamba unajua."

Kijana yule alikuwa amejifunza kwa miezi mingi, akitazama masomo ya video kwenye simu ya rafiki yake na kuandika katika daftari. Alijua, lakini hakupewa nafasi ya kusema. Katika nyumba zetu mdogo hamkatizi mkubwa, na desturi hiyo ina uzuri wake. Lakini mkubwa asiyeuliza huigeuza desturi hiyo kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo hubaki maarifa ambayo yangeiokoa nyumba.

Swali la kwanza

Kesho yake nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliketi naye nikamwuliza: "Mashine hii unaitaka kwa kazi gani?" Alifungua daftari lake. Alitaka kucheza mpira wa miguu na binamu zetu, wote wakikaa mbele ya skrini moja. Alitaka kujenga miji katika Minecraft. Na alitaka kujifunza kuchora mipango ya nyumba, maana ana nia ya kusomea usanifu majengo. Basi. Katika hayo yote hapakuwa na hata jambo moja lililohitaji kadi niliyomnunulia kwa majivuno.

Hapa tuelewe vizuri kazi ya kadi hiyo. Skrini tuliyokuwa nayo ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, na hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikiweza kuchora picha 60 kwa sekunde kwa kipimo hicho, imetimiza kazi. Ikichora 150, skrini ile haina namna ya kuzionyesha zote. Skrini ya kiwango kinachoitwa 4K ina nukta mara nne zaidi, nayo hudai kadi yenye nguvu nyingi. Kwa hiyo kadi haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na skrini itakayoihudumia na michezo itakayochezwa. Mwenye skrini ya kawaida anayenunua kadi kubwa ni kama mtu anayenunua lori ili abebe chumvi ya jikoni.

Mdogo wangu ndiye aliyependekeza suluhisho. Tuliiuza RTX 3060 kwa bei isiyopishana sana na ile niliyoinunulia, tukanunua GTX 1650 iliyotumika, yenye gigabaiti 4. Si kadi ya kumtisha jirani, lakini inatosha kwa mpira na kwa Minecraft, na kwa michoro ya mwanafunzi anayeanza. Fedha zilizobaki zilinunua ubao mama mwingine na, safari hii, kisanduku cha umeme chenye kuaminika.

Umeme kwanza

Ningependa mshike jambo hili kuliko mengine ya kifundi: hapa kwetu kompyuta huanza kuchaguliwa kutoka kwenye umeme. Washauri wengi wanaosikilizwa na vijana huishi katika miji ambako umeme haukatiki, na huanza kuhesabu kutoka kwenye kadi na prosesa. Sisi tunaishi na umeme unaokatika bila kuaga, unaoshuka jioni kila mtu anapopika, na kurudi kwa kishindo. Shauri lililo jema kwa mtu wa mbali laweza kuwa baya kwako.

Kisanduku cha umeme kina mambo matatu ya kusoma kwenye karatasi yake. La kwanza ni kiwango cha volti kinachopokea. Visanduku vingi vizuri vya siku hizi vimeandikwa 100 hadi 240: hivyo havina swichi nyekundu ya kubadilisha, na umeme unaposhuka hadi volti 170 huendelea na kazi. Chenye swichi kinataka macho, na kabla ya kukichomeka hakikisha kinasoma 230. La pili ni alama ya 80 PLUS. Alama hiyo maana yake kisanduku kimepimwa na kuonekana kwamba, kikiwa na mzigo mdogo, wa kati au kamili, walau asilimia 80 ya umeme kinaochukua hufika kwenye vipuri, na kinachobaki hupotea kama joto. La tatu ni wati zake. Hapa msidanganywe na namba kubwa iliyobandikwa kwenye kisanduku chepesi kama mkebe mtupu. Wati 500 za kweli ni bora kuliko 800 za karatasi.

Tazameni sasa namna uchaguzi mmoja unavyougusa mwingine. RTX 3060 imepangiwa kutumia hadi wati 170, na GTX 1650 wati 75. Prosesa yetu imeandikwa wati 65. Kwa kadi ndogo, mashine nzima ikifanya kazi kwa bidii haipiti wati 200 hivi. Kwa sababu hiyo tuliweza kuiwekea onduleri ndogo, yaani kile chombo chenye betri kinachoshika umeme kwa dakika chache ukikatika, mtu akapata muda wa kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Onduleri iliyoandikwa VA 650 haibebi wati 650. Aghalabu hubeba wati 400 au chini yake. Kwa kadi kubwa, pamoja na skrini, tungekuwa karibu sana na mpaka huo, na betri ingekwisha kabla kijana hajamaliza kuhifadhi mchoro wake. Kadi ndogo ilitupa usalama ambao kadi kubwa ingetunyang'anya.

Vipuri vingine

Prosesa na ubao mama ni kama mguu na kiatu: lazima vilingane. Soketi ya AMD iitwayo AM4 hupokea RAM ya DDR4, na ile iliyoifuata mwaka 2022, AM5, hupokea DDR5 tu. Vibao vya RAM vya aina hizi mbili havibadilishani. Pengo lililokatwa kwenye kibao halikai mahali pamoja, na anayelazimisha huvunja. AM5 ina maisha marefu mbele yake. AM4 hupatikana kwa bei nafuu na vipuri vyake vilivyotumika ni vingi. Kwa mwenye fedha kidogo sioni aibu kuchagua AM4. Tena zipo prosesa kama Ryzen 5 5600G zenye uwezo wa kuchora picha zenyewe, bila kadi. Kijana anaweza kuanza na hiyo, akacheza michezo myepesi, na kadi ikaja baada ya mwaka mmoja au miwili.

RAM ya gigabaiti 16 yatosha kwa michezo mingi ya sasa. Nunueni vibao viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja, na faida yake huonekana zaidi pale prosesa inapochora picha yenyewe. Diski iwe ya SSD: haina kitu kinachozunguka ndani yake, hufungua michezo upesi, na huvumilia mtikisiko wa safari. Lakini ukubwa wake upimwe kwa kufikiri pia juu ya intaneti. Baadhi ya michezo mikubwa hupita gigabaiti 100 kwa mmoja. Anayenunua mega kwa simu ajiulize mchezo huo utamgharimu kiasi gani kabla hajaucheza hata dakika moja. Sisi tulikubaliana na rafiki wawili kwamba anayeupakua mchezo wa bure humpa mwenzake nakala yake kwenye diski ya nje, ili gharama ibebwe mara moja.

Kasha lisichaguliwe kwa taa za rangi. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia hata katika kabati lililofungwa. Kasha liwe na chujio la vumbi linalotoka na kuoshwa, na feni mbili angalau, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa.

Neno kuhusu vipuri vilivyotumika. Hakuna ubaya kuvinunua; vingi vya kwetu ni hivyo. Lakini kadi nyingi zilizomo sokoni zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, na zilimwagika kwa wingi baada ya Septemba 2022, Ethereum ilipoacha namna hiyo ya uchimbaji. Muuzaji akikataa kukuonyesha kadi ikifanya kazi walau nusu saa, ondoka. Kuuliza si ujinga, na kukataa kununua si dharau.

Je, ni haki kutumia fedha hivi?

Wako watakaosema: "Dolari 700 kwa ajili ya mchezo, katika mji ambamo watoto wanafukuzwa shuleni kwa kukosa ada?" Swali hilo halistahili kupuuzwa, na mimi sitaki kulijibu kwa haraka. Kama katika nyumba yetu ada za dada yetu zingekuwa hazijalipwa, ningesema ahadi ingoje, na nadhani mdogo wangu angesema vivyo hivyo. Kompyuta ya michezo haina haki ya kutangulia mbele ya chakula, dawa na shule.

Lakini palipo na nafasi, sikubali kwamba mchezo ni kitu cha kuonewa haya. Mtu hahitaji kila mara kisingizio cha masomo ili apewe furaha. Nimewaona wazazi wakinunua kompyuta "kwa ajili ya masomo", na kijana akilazimika kudanganya kila siku juu ya anachokifanya nayo. Uongo huo wa kila siku hudhuru kuliko mchezo wenyewe. Ni afadhali kusema wazi: mashine hii ni ya kucheza na ya kujifunza, saa za kucheza ni hizi, na mahali pake ni sebuleni. Kwetu tuliiweka sebuleni kwa hiari ya mdogo wangu mwenyewe, kwa maana mpira wa kuchezwa peke yake chumbani ulimkinaisha. Siku hizi jioni ya Jumamosi utamkuta hata baba, aliyesema mchezo haumlishi mtu, akidai kwamba refa wa kwenye skrini amempendelea mpinzani wake.

Udongo wetu umo ndani

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kwa uangalifu, nayo inatuhusu sisi Wakongomani kuliko wengine. Ndani ya vifaa hivi vya elektroniki mna shaba, na mna bati linaloshikamanisha vipande vidogo kwenye ubao. Katika vifaa vingi mna tantali, inayotokana na koltani, na betri za kompyuta za mkononi na simu zina kobalti. Haya ni majina tunayoyajua si kwa kuyasoma vitabuni. Shaba na kobalti hutoka Kolwezi na Likasi, njia tunayopita kwenda kuwasalimu ndugu. Koltani hutoka Rubaya huko Masisi, na bati hutoka Bisie huko Walikale. Daktari Denis Mukwege, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, aliwaomba wenye simu na magari ya umeme watafakari gharama ambayo binadamu wameilipa ili vitu hivyo vitengenezwe.

Hakuna awezaye kutazama ubao mama na kusema bati hili lilichimbwa na fulani. Njia ni ndefu na madini huchanganywa. Lakini tunaweza kukataa kuvitupa ovyo vitu vilivyogharimu kiasi hicho. Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuongeze kwamba kabla ya kuundwa, vimechimbwa. Basi chagueni vipuri vya vipimo vya kawaida. Kipimo cha ATX kilichotolewa mwaka 1995 bado kinafuatwa: kisanduku cha umeme cha kipimo hicho kikifa, utapata kingine cha kampuni yoyote na kitaingia katika tundu zile zile za skrubu. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoletwa kwetu zikiwa zimetumika ni imara na za bei nzuri, lakini baadhi yake zina visanduku vya umbo la pekee ambavyo haviwezi kubadilishwa na vingine. Mwenye kununua hizo afungue kasha kwanza. Kitu kinachotengenezeka ni zawadi ya miaka. Kisichotengenezeka ni cha msimu.

Na ndiyo maana nasisitiza mashine iundwe na anayeipokea. Safari ya pili sikushika bisibisi. Nilishika taa ya simu tu, maana umeme ulikuwa umekatika, nikamwangazia. Alipaka ule ute wa kupitishia joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya dengu. Alibonyeza RAM mpaka ndoana zikalia. Umeme uliporudi jioni, kabla ya kuchomeka waya, aligeuza kisanduku, akasoma kwa sauti: "Mia moja hadi mia mbili arobaini." Kisha akanitazama, akaniuliza: "Yaya, na wewe umeona?" Nikainama nikasoma. Ndipo akabonyeza, na feni zikaanza kuzunguka.

Mwezi uliopita diski ilikataa kuonekana. Sikuitwa. Alifungua kasha, akakuta waya umelegea, akaukaza, akaniambia baada ya siku tatu, tena kwa bahati tu, tulipokuwa tukizungumza mambo mengine. Ningemnunulia mashine iliyofungwa, angeningoja.

Ninalowaomba

Ninyi mnaopewa, semeni. Heshima kwa mkubwa haikatazi kusema, "Samahani, yaya, naomba tuangalie hapa." Kunyamaza unapoona kosa linakuja si utii, ni kumwacha mwenzako aanguke. Andikeni mnachotaka kufanya na mashine, si majina ya vipuri mlivyovisikia kwa wenzenu.

Na ninyi mnaotoa, kaka na dada wakubwa, wajomba na shangazi, ulizeni kabla ya kununua. Najua tunapenda kuona macho ya mtoto yakishangaa. Mimi niliyapata macho hayo kwa dakika moja, kisha moshi ukaja. Macho niliyoyaona safari ya pili yalikuwa tofauti: ya mtu anayejua kile kilichomo mezani, na anayejua kwamba amesikilizwa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni zawadi gani uliyowahi kupewa ambayo aliyekupa hakukuuliza? Ilikufaa kiasi gani?

2. Katika nyumba yenu, mdogo anayejua jambo ambalo mkubwa halijui hupata wapi nafasi ya kulisema?

3. Kama kikundi chetu kingeunda kompyuta moja ya pamoja kwa ajili ya parokia, tungeiweka wapi, tungeilinda namna gani na umeme wetu, na nani angejifunza kuitengeneza?